Posho ya Siku Ngapi? Jinsi Wasafiri wa Zamani Walivyopima Njia kwa Muda na Mwendo

 

Juzi kwenye masomo ya jioni nilikuwa nafundisha wadogo zetu fizikia. Nikaandika ubaoni: umbali = mwendokasi × muda. Kisha nikatoa swali jepesi la kuanzia: "Mtu anatembea kilomita 4 kwa saa. Akitembea saa 8, atakuwa amekwenda umbali gani?" Darasa zima likapaza sauti: "Kilomita 32!" Nikataka kuendelea. Binti mmoja aliyekaa nyuma kabisa akanyoosha mkono, akauliza: "Mwalimu, huyo mtu anatembea na nani? Amebeba nini?"

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali lile nalijua. Lilitukuta nyumbani.

Papa alikuwa anauza mahindi na mawese. Njia ya kushuka kutoka kijijini kwetu, kwenye milima ya Fizi, hadi ziwani aliijua kama kiganja chake. Aliitembea kwa saa nane tu, hata akiwa amebeba mzigo. Siku tuliyokimbia akamwambia mama: "Tukitoka alfajiri, jioni tuko ziwani." Mama akapika mihogo ya siku moja, akajaza bidoni moja ya maji. Tukatoka. Lakini safari hii papa hakuwa peke yake. Kulikuwa na bibi mwenye miguu inayovimba, mdogo wangu wa miaka mitatu, sufuria, blanketi, na mimi ambaye bado nilikuwa mtoto. Tulifika ziwani siku ya tatu, jua likiwa kichwani. Mihogo iliisha siku ya kwanza usiku. Siku ya pili tulikula viazi vitamu vya mama mmoja tuliyemkuta njiani, ambaye jina lake hatukuwahi kulijua.

Papa hakutudanganya, na hesabu yake haikuwa na kosa. Kilomita 32 gawanya kwa 4 ni saa 8, hata leo. Ila aliingiza kwenye hesabu mwendokasi wa miguu yake mwenyewe, wakati safari ilikuwa ya miguu ya bibi.

Tangu hapo nimekuwa nasoma kila ninachopata juu ya watu wa zamani waliopima njia bila gari, bila ramani na bila simu. Nimegundua kwamba kosa la papa ni la zamani sana. Nimegundua pia kwamba waliopita kwenye njia zetu hizi hizi walilijua, na walikuwa na akili zao za kuliepuka. Hebu niwasimulie.

Zamu ya baharini

Tuanze na lugha yetu. Kwa Kiswahili tunasema "mwendo wa siku tatu", tukimaanisha umbali. Tena tunasema "mwendo wa haraka", tukimaanisha kasi. Neno ni moja. Vitabu vya shule ndivyo vinavyotenganisha: umbali, mwendokasi, muda. Wazee hawakuwa wamechanganyikiwa. Nani angeivuta kamba ya kupimia kwenye njia ya kilomita elfu moja? Umbali wenyewe haukupimika. Kilichopimika ni muda: jua linachomoza, jua linazama, tumelala mara ngapi. Ukiujua mwendo wako wa kawaida, muda unakwambia umbali.

Mabaharia wa Bahari ya Hindi walifanya hivyo hivyo. Manahodha wa Kiarabu walihesabu umbali wa baharini kwa kipimo kilichoitwa zam. Zam moja ilikuwa safari ya saa 3, yaani sehemu ya nane ya siku nzima ya saa 24. Ahmad ibn Majid, nahodha maarufu wa karne ya 15 kutoka Julfar, kule ambako leo ni Ras al-Khaimah, alitumia zam katika maandishi yake ya ubaharia. Bandari hii hadi ile ni zam kadhaa, basi. Na neno hilo unalijua. Ndilo zamu: zamu ya kulinda chombo usiku, na leo zamu ya bombani, zamu ya kupika, zamu ya kuchaji simu. Kila unaposema "bado zamu yangu", unatumia neno ambalo mabaharia walilitumia kupimia bahari.

Tuseme chombo kinakwenda kilomita 9 kwa saa. Zam moja ni 9 × 3, yaani kilomita 27. Upepo ukilegea, kasi ikashuka hadi kilomita 5 kwa saa, zam ile ile ya saa 3 inakuwa kilomita 15 tu. Kwa hiyo nahodha aliyesema "zam kumi" alikuwa anasema zam kumi za upepo wa kawaida, na aliyemsikiliza alijua hivyo. Nahodha mjinga ni yule aliyehesabu zam zake bila kuangalia tanga.

Wazungu nao walikuwa na njia yao. Walitupa baharini kipande cha ubao kilichofungwa kwenye kamba yenye mafundo. Ubao ulibaki nyuma majini, kamba ikawa inafunguka kadiri meli inavyokwenda, huku baharia mwingine ameshika kichupa cha mchanga. Mchanga ukiisha, wanahesabu mafundo yaliyopita mkononi. Mabaharia wa pwani yetu kifaa hicho walikiita batli. Kwa kipimo kimoja kilichotumika sana, mchanga ulichukua sekunde 28 na fundo hadi fundo palikuwa na mita 14.4 hivi. Piga hesabu: 14.4 gawanya kwa 28 ni mita 0.514 kwa sekunde. Zidisha kwa 3,600, utapata karibu mita 1,852 kwa saa, ambayo ndiyo maili moja ya baharini. Ndiyo maana hata leo kasi ya meli inatajwa kwa mafundo.

Kinachonipendeza hapa ni kwamba hawakupima kasi mara moja asubuhi wakalala. Walitupa batli tena na tena, mchana na usiku, kwa sababu kasi inabadilika. Mwaka 1638 mwanasayansi wa Italia, Galileo, alipoandika kitabu chake kikubwa cha mwisho, alieleza mwendo usiobadilika: kwamba katika vipindi vya muda vilivyo sawa, chenye kutembea hupita umbali ulio sawa. Fomula yetu ya ubaoni inasimama juu ya sharti hilo. Sharti likivunjika, yaani kasi ikipanda na kushuka, unabidi utumie wastani. Na wastani ndipo watu wengi wanapoangukia.

Njia ya Ujiji

Sasa twende nchi kavu. Wengi wetu tunaongea Kiswahili kwa sababu ya njia moja: ile iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, kisha ikavuka ziwa na kuingia Manyema hadi Kasongo na Nyangwe, ndani ya Kongo. Karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilipita hapo. Na tusifiche: ilikuwa pia misafara ya watumwa. Kati ya miguu iliyopita njia ile, mingine ilikuwa imefungwa minyororo, na mingine ilikuwa ya watoto.

Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni karibu kilomita 1,200. Mpagazi, mara nyingi Mnyamwezi, alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani karibu kilo 32, juu ya kichwa au begani. Jaribu kubeba gunia la kilo 30 kutoka ghalani hadi nyumbani kwenu, halafu ufikirie kulibeba kwa miezi. Msafara uliongozwa na kirangozi, mtu wa mbele mwenye bendera, ambaye mwendo wake ulikuwa mwendo wa wote.

Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walipita njia hiyo, na mmoja wa watu wao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mdogo, akapelekwa India, kisha akarudi Afrika akiwa huru. Walitaka kuchora ramani. Lakini ramani inahitaji umbali, na umbali wangeupata wapi? Kama unatembea kutoka kusini kwenda kaskazini, nyota zinakusaidia kujua umefika wapi. Ila njia ya Ujiji inaelekea magharibi, na kujua mahali ulipo kwa mashariki na magharibi kunataka saa ya kuaminika sana. Saa zao ziliharibika safarini. Speke ilibidi atengeneze timazi: risasi ya bunduki imefungwa kwenye uzi wa karibu mita moja, ikiachiwa ining'inie na kuyumba. Kila inapoyumba kutoka upande mmoja hadi mwingine ni karibu sekunde moja. Unaweza kujaribu leo kwa jiwe na kamba, kisha uangalie simu yako.

Kwa hiyo njia ya kila siku ilibaki ile ile ya mabaharia: umetembea saa ngapi, kwa kasi gani, ukielekea wapi kwenye dira. Miaka kumi na sita baadaye alikuja Verney Lovett Cameron, ambaye alikuwa hasa afisa wa jeshi la majini la Uingereza. Alitoka Bagamoyo mwaka 1873 na kufika pwani ya Atlantiki, Angola, mwaka 1875, na Bombay alikuwa naye tena. Hesabu ya meli ilitembea juu ya ardhi. Tofauti ni kwamba badala ya kamba na mafundo, kipimo cha kasi kilikuwa hatua za watu wenye mizigo. Ramani zile za Ulaya zenye mistari mizuri zimechorwa kwa nyayo za wapagazi, na wengi wao majina yao hayapo popote.

Hesabu ya posho

Mzungu alihesabu ili achore ramani. Mkuu wa msafara alihesabu kwa sababu nyingine: chakula. Neno posho, ambalo sisi wakimbizi tunalijua kuliko mtu yeyote, ni neno la misafara. Ni chakula cha mpagazi cha siku, kwa kawaida kibaba kimoja cha nafaka, karibu kilo 0.7.

Tuchukue mfano wetu wenyewe. Msafara wa watu 100 unatakiwa kuvuka nchi isiyo na vijiji vya kununulia chakula, umbali wa kilomita 120. Kijana mwenye haraka atasema: tunatembea kilomita 4 kwa saa, saa 5 kwa siku, basi ni kilomita 20 kwa siku. 120 gawanya kwa 20 ni siku 6. Watu 100 kwa siku 6 ni vibaba 600. Tunabeba vibaba 600, twende.

Sasa njiani mtu anaumwa homa, siku moja imepotea. Mto umejaa, siku nyingine. Wapagazi watatu wamevimba miguu, msafara unawasubiri. Ukija kuhesabu mwisho, mmetembea wastani wa kilomita 12 kwa siku. 120 gawanya kwa 12 ni siku 10, na vibaba vilivyohitajika ni 1,000. Siku nne za mwisho watu mia moja hawana chakula. Kilichobadilika ni namba moja tu kwenye fomula.

Mtu atasema: si wangebeba vibaba 1,000 tangu mwanzo? Angalia. Vibaba 600 ni kilo 420, mizigo kama 14 ya kilo 30. Vibaba 1,000 ni kilo 700, mizigo 23 au 24. Unahitaji wapagazi kumi zaidi wa kubeba chakula, na hao kumi nao wanakula. Ukikisia mwendo mkubwa kuliko ule wa kweli, watu wanakaa na njaa. Ukikisia mdogo mno, chakula kinajilisha chenyewe. Kwa hiyo aliyepanga safari alihitaji kuujua mwendo wa kweli wa msafara wake, na hakuna kitabu kilichomwambia. Aliwauliza waliopita mwaka jana, msimu ule ule, na mizigo ile ile.

Kutoka maji hadi maji

Kati ya Ugogo na Unyamwezi palikuwa na sehemu iliyoogopwa, ikiitwa Mgunda Mkali. Pori, ukame, vijiji vichache, maji mbali na maji. Hapo wapagazi walikuwa na mbinu yao, na mbinu hiyo ilikuwa na jina: tirikeza.

Kwa kawaida msafara ulitembea asubuhi, kabla jua halijawa kali, ukapiga kambi penye maji. Lakini tuseme kutoka kisima hadi kisima ni kilomita 40, na watu wenye mizigo wanakwenda kilomita 3.5 kwa saa. 40 gawanya kwa 3.5 ni zaidi ya saa 11. Ukianza alfajiri, utakuwa katikati ya pori saa sita mchana, jua la utosi, maji ya kibuyu yamekwisha. Watu wataanguka.

Basi wakati wa tirikeza watu walipumzika asubuhi, wakapika, wakanywa, wakajaza vibuyu. Saa nane mchana wakaondoka. Wakatembea hadi saa mbili usiku: saa 6 kwa 3.5 ni kilomita 21. Wakalala pale pale bila maji mapya, usiku wa baridi ambao mwili haudai maji mengi. Saa kumi alfajiri wakaamka, wakatembea hadi saa tatu na nusu: saa 5 na nusu kwa 3.5 ni zaidi kidogo ya kilomita 19. Jumla kilomita 40, na wako kisimani kabla jua halijachachamaa.

Umbali ni ule ule, kasi ni ile ile, saa za kutembea ni zile zile. Walichokibadilisha ni saa gani za siku. Hii haimo kwenye fomula, na hakuna mwalimu aliyenifundisha. Watu ambao wengi wao hawakujua kusoma waliijua, kwa sababu asiyeijua hakurudi kusimulia.

Miezi tisa

Kuna safari moja ya enzi ile ambayo naiona ni hesabu ya wastani kuliko zote. Mwaka 1873, mwezi Mei, David Livingstone alifariki kwenye kijiji cha Chitambo, ambako leo ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Abdallah Susi na James Chuma, wangeweza kumzika wakaondoka. Moyo wake waliuzika pale. Mwili wakaukausha, wakaufunga, wakaamua kuubeba hadi pwani. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, wakakutana na Cameron, ambaye aliwashauri wauzike hapo hapo. Wakakataa. Mwezi Februari 1874 wakafika Bagamoyo.

Njia hiyo ni zaidi ya kilomita 1,600. Sasa nipeni jibu. Mtu anayetembea kilomita 4 kwa saa, saa 5 kwa siku, anakwenda kilomita 20 kwa siku, kwa hiyo kilomita 1,600 ni siku 80. Wao walitumia karibu miezi tisa, siku kama 270. Gawanya 1,600 kwa 270: karibu kilomita 6 kwa siku. Ukigawanya hiyo kwa saa 24, ni robo kilomita kwa saa. Kobe anaweza kuwashinda!

Je, walikuwa wavivu? Hakuna anayethubutu kusema hivyo. Magonjwa yaliwalaza, wengine walikufa njiani, na mzigo wenyewe haukuwa wa kupitisha popote. Miguu yao ilikuwa ya mpagazi yeyote, na saa wanayotembea walitembea kama wengine. Lakini safari siyo saa za kutembea peke yake. Safari inahesabu pia siku za kulala na homa, siku za kuzika mwenzako, siku za kungoja ruhusa ya kupita. Hata Burton na Speke, waliotoka pwani Juni 1857 na kufika Ujiji Februari 1858, ukigawanya kilomita 1,200 kwa siku zao karibu 230, unapata kama kilomita 5 kwa siku.

Kwa hiyo kuna mwendokasi wa aina mbili. Upo wa mtu akiwa anatembea, na upo wa safari nzima pamoja na kusimama kwake kote. Huu wa pili ndio mwendokasi wa wastani: umbali wote gawanya kwa muda wote. Mtihani mara nyingi unauliza wa kwanza. Maisha yanauliza wa pili.

Meli ya Kagunga

Baadaye ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, karibu kilomita 1,250. Treni ikienda kwa wastani wa kilomita 30 kwa saa, njia ya miezi inakuwa chini ya saa 42. Kwa reli hiyo ililetwa pia meli iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiwa imefunguliwa vipande vipande. Iliunganishwa upya Kigoma na kuingia majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba.

Wengi wenu kutoka Burundi hamhitaji kuambiwa Liemba ni nini. Mei 2015 makumi ya maelfu ya watu walijikuta Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya ziwa na milima. Kipindupindu kikaingia. Meli ile kongwe ikawa inawachukua kuwapeleka Kigoma, na kutoka hapo kwa mabasi hadi Nyarugusu.

Lakini Kagunga hapakuwa na gati. Liemba ilisimama mbali na ufukwe, na watu wakapelekwa kwa mashua ndogo. Tupige hesabu ya mfano, namba ni zangu. Watu 600 kwa safari moja ya meli. Mashua moja inabeba 20, kwenda na kurudi dakika 15. Zinatakiwa safari 30 za mashua. Zikiwa mashua mbili, kila moja inafanya safari 15, yaani dakika 225: saa 3 na dakika 45 kabla meli haijang'oa nanga. Zikiwa mashua nne, ni kama saa 2. Umeokoa karibu saa mbili na meli haijaongeza kasi hata kidogo. Injini ya meli ya zamani huwezi kuilazimisha. Mashua unaweza kuongeza. Na kwa mtoto mwenye kipindupindu ufukweni, saa mbili ni nyingi.

Kwa dada na kaka wa mashirika

Ndugu zetu mnaopanga vituo vya mgao, nawaomba kwa heshima. Mkisema kituo kiko kilomita 4, "saa moja tu", hiyo ni saa ya kijana asiyebeba kitu. Bibi anatembea kilomita 2 kwa saa: saa 2 za kwenda. Foleni, tuseme saa 3. Kurudi na unga kichwani, kilomita 1 kwa saa: saa 4. Jumla ni saa 9. Akiondoka saa moja asubuhi, anafika nyumbani saa kumi jioni, kama hakupumzika. Foleni ikichelewa saa tatu tu, anatembea gizani, na mnajua gizani kuna nini. Sisemi hamjali. Nasema swali la kuuliza siyo "ni kilomita ngapi?" bali "anayekwenda polepole kuliko wote anatumia saa ngapi, kutoka mlangoni kwake hadi mlangoni kwake?"

Swali jipya ubaoni

Somo lililofuata nilifuta swali langu la zamani. Nikaandika hivi: "Familia inakwenda kilomita 32. Ndani yake kuna bibi anayetembea kilomita 2 kwa saa, na anaweza saa 6 tu kwa siku. Wabebe posho ya siku ngapi?"

Yule binti wa nyuma ndiye aliyejibu wa kwanza. "32 gawanya kwa 2 ni saa 16. Saa 16 kwa saa 6 za siku ni siku mbili na kitu. Kwa hiyo siku tatu." Halafu akafikiri kidogo, akasema: "Ila mwalimu, mimi ningebeba ya siku nne."

Nikampa alama zote.

Jioni nikamsimulia papa. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Siku ile sikumuuliza mama yangu anaweza kutembea saa ngapi. Niliona aibu kumuuliza." Bibi alikuwa amekaa pale pale mlangoni anachambua maharage. Akamjibu bila kuinua kichwa: "Ungeniuliza, mwanangu, ningekwambia."

Kwa hiyo wenzangu, kabla wazee hawajaondoka, muulizeni wenu: mlitoka wapi, mlitembea siku ngapi, mlilala wapi, mlikuwa na nani, mlibeba nini. Andikeni. Kisha tafuteni umbali kwenye ramani ya simu na mgawanye kwa muda. Mtapata namba ndogo sana, kilomita 8 kwa siku, kilomita 5, labda 3. Msiicheke. Muulizeni mzee, taratibu, nini kiliwasimamisha siku zile nyingine.